Kazi Iko Kwenye Mfuniko

Kutoka bandari ya Kalundu hadi mpaka wa Kavimvira, kila kinachouzwa Uvira, mashariki mwa Kongo, kimefungwa ndani ya kitu fulani, na karibu kila kifungashio kimetengenezwa kikijua kwamba kitatupwa. Dagaa, ambao huku tunawaita ndagala, hukaushwa kisha hujazwa kwenye magunia. Mawese ya Fizi na Rumonge huja ndani ya madumu ya manjano ambayo yalishawahi kubeba mafuta mengine. Mihogo ya uwanda wa Ruzizi hupanda lori ikiwa kwenye gunia lililoshonwa mdomo kwa kamba, na mama muuza samaki ana kitunga chake kichwani, kimelowa, kimeinama upande mmoja, na hakuna anayekitazama. Kazi ya kifungashio cha namna hii ni kufikisha mali. Ikifika, basi. Watu wa pwani ya Bahari ya Hindi wana pakacha la makuti, linalosukwa chini ya mnazi kwa muda mfupi na kuachwa jalalani jioni ileile, nalo halidharauliwi kwa hilo.

Lakini katika nchi hizihizi za upande wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika kuna chombo kingine kilichobuniwa kwa kazi iliyo kinyume: kibebe kidogo, kibebwe taratibu, na kibaki nyumbani baada ya kilichokuwa ndani kuliwa. Ni kikapu chenye mfuniko mrefu uliochongoka. Warundi na Wanyarwanda hukiita agaseke. Kaka yake mkubwa, anayebeba vyakula vya kupelekwa ukweni, ni inkangara. Asili yake ni Burundi na Rwanda hasa, lakini mto Ruzizi haujawahi kuwa ukuta. Uwandani, kuanzia Kiliba hadi Sange na Luvungi, Warundi na Bafuliiru wanapakana mashamba. Milimani juu wako Banyamulenge na ng'ombe wao. Na ndoa, soko, na mara nyingi mno vita, vimevivusha vikapu hivi huku na kule kwa vizazi.

Siku hizi ulimwengu wa wenye fedha una tasnia nzima ya vyombo vya namna hii. Chupa ya wiski iliyolala kwenye pipa miongo kadhaa haiuzwi peke yake. Hulazwa ndani ya sanduku la mbao iliyong'arishwa, lenye bawaba za shaba na kitambaa laini ndani. Saa za Uswisi na manukato ya Ufaransa hupewa heshima hiyohiyo. Wapo mafundi ambao hawafanyi kingine ila kubuni na kutengeneza kwa mkono masanduku machache tu ya toleo moja, na wapo wakusanyaji wanaonunua sanduku tupu. Sina ugomvi na kazi hiyo, na baadhi yake ni nzuri kweli. Ila nikitaka kujua kama fundi ni fundi, siangalii kitambaa wala nembo ya dhahabu. Naangalia mfuniko unavyokaa. Mapambo yanaweza kununuliwa na kubandikwa, na mara nyingi yanabandikwa ili kuficha kasoro. Mahali ambapo vipande viwili vilivyotengenezwa mbalimbali vinakutana, hapo hapafichiki kitu. Na sijaona mahali ambapo kipimo hicho ni kigumu kuliko kwenye kikapu cha mkono cha upande wetu.

Tuanze na malighafi, kwa kuwa iko mlangoni. Ruzizi ikikaribia Tanganyika inajigawa na kuzama katika mabwawa ya matete na mafunjo. Upande wa Burundi eneo hilo limehifadhiwa tangu mwaka 1980, na viboko wake wanajulikana kwa ubaya. Mafunjo hutoa mikeka, na ngozi yake ya nje ikichanwa hutoa nyuzi bapa za kushonea. Mkonge hutoa nyuzi nyeupe zenye mng'ao. Mgomba, ambao ni nadra kuona boma lisilo nao, hutoa nyuzi za kahawia. Kiini cha kikapu ni fungu la nyasi nyembamba zilizokaushwa. Katika vyote hivi hakuna kinachonunuliwa kwa fedha nyingi. Thamani ya kikapu haitoki kwenye malighafi hata kidogo, jambo linalowatatiza wanunuzi waliozoea kupima anasa kwa dhahabu na ngozi ya mamba.

Kazi yenyewe ni ya kushona kuliko kusuka. Mfumaji anashika fungu la nyasi lenye unene wa njiti chache za kiberiti, analizungushia uzi, analikunja liwe fundo dogo. Hicho ndicho kitovu cha kitako. Kuanzia hapo fungu linajizungusha lenyewe, na kila baada ya punje moja ya nafasi uzi unalikaba na kupenya kwenye mzunguko wa chini yake. Fungu likianza kupungua, nyasi mpya huchomekwa katikati yake, kamwe si mwishoni, ili unene usibadilike. Ukipitisha kidole kwenye ukuta wa kikapu kizuri huwezi kugundua nyasi ziliongezwa wapi. Kalibu hakuna. Akitaka ukuta upanuke, mfumaji anaulaza mzunguko mpya nje kidogo ya ule wa chini; akitaka ujikunje, anausogeza ndani. Tofauti ya unywele, ikirudiwa mzunguko baada ya mzunguko, ndiyo inayozaa tumbo la kikapu na shingo yake. Ndiyo maana kosa la leo asubuhi linaonekana kesho kutwa, likiwa limeshafunikwa na kazi ya siku mbili, na dawa yake ni moja: kufumua.

Wanaokitazama kwa haraka husifu nakshi. Wana haki. Rangi za kale zilikuwa chache: umanjano wa majani makavu yenyewe, weusi na wekundu. Wekundu ulitoka kwenye mizizi na mbegu. Weusi ulipatikana kwa utomvu wa mimea, kama ule wa ua la mgomba, na kwa matope meusi ya bwawani, ambayo chuma chake kikikutana na tanini ya mmea huzaa rangi isiyofutika kwa maji. Zambarau, kijani na waridi unazoziona sokoni zililetwa na rangi za kiwandani katika karne ya 20. Nakshi hizo za pembetatu na mistari ya mapindi hazichorwi kabla, zinahesabiwa. Na hesabu yake si nyepesi, kwa sababu kikapu kinavyopanuka idadi ya mishono katika mzunguko inaongezeka, kwa hiyo pembetatu iliyoanza kwa mishono mitano inapaswa kugawanywa upya kila mara ili zote zifike juu kwa pamoja, bila moja kubanwa mwishoni. Mfumaji haandiki popote. Anahesabu huku anaongea na jirani, anamkanya mtoto, anaitika simu, na hesabu haipotei.

Hata hivyo nakshi ni ngumu ya pili tu.

Mwili wa kikapu unaanzia chini na kumalizikia kwenye mdomo. Mfuniko unaanzia kwenye ncha, kwa fundo lilelile dogo, na kushuka ukipanuka mpaka ukingo. Maana yake ni kwamba kipimo kinachotakiwa, yaani upana wa mdomo, kinafikiwa mwisho kabisa, baada ya kazi yote kuwa imekwisha. Fundi seremala hukata mfuniko wa sanduku kisha akaupunguza kwa randa mpaka ukae. Mfumaji hana randa. Akifika ukingoni akakuta mfuniko umezidi kwa unene wa uzi, hana cha kupunguza. Akikuta umepungua, hana cha kuongeza ila mzunguko ambao utavunja mstari wa umbo. Kwa hiyo tangu yuko kwenye ncha, urefu wa shibiri moja kutoka anakokwenda, anapaswa kuwa amekwisha kuchagua mteremko utakaomfikisha. Ana ujiti aliokata sawa na upana wa mdomo, na ana jicho. Kadiri anavyoshuka anauweka mfuniko juu ya kikapu, anautazama kwa ubavu, anaurudisha mapajani.

Kisha kuna unyevu. Nyuzi huloweshwa kidogo ili zikubali kukunjwa, nazo zikikauka hujikaza. Kama mwili ulifumwa mwezi wa nne mvua zikiwa bado zinanyesha, na mfuniko mwezi wa saba upepo mkavu ukivuma, viwili hivyo havitasinyaa sawa. Uvira iko mita 770 na ushee juu ya usawa wa bahari, imebanwa kati ya ziwa na milima ya Mitumba. Mtu akinunua kikapu hapa akapanda nacho hadi nyanda za juu za Minembwe, amekitoa kwenye hewa moja na kukiingiza kwenye nyingine kabisa. Mfumaji mwenye uzoefu huchukua nyasi za mavuno mamoja kwa vipande vyote viwili, huzikausha pamoja, na hufuma mfuniko mara tu baada ya mwili.

Wajapani wanalijua jambo hili kwa upande wa mbao. Vyombo vyao vya chai na vyungu vya thamani huhifadhiwa katika visanduku vya mti wa kiri, ambao ni mwepesi na huvimba kidogo hewa ikiwa na maji, hivyo mfuniko hujibana wenyewe siku za mvua na kukilinda kilichomo. Mfinyanzi huandika jina lake kwa wino juu ya kisanduku, na chombo kilichotengana na kisanduku chake hushuka bei. Ningependa wafumaji wetu wapate desturi hiyo ya kutia jina. Vikapu bora kabisa vya Maziwa Makuu vilivyomo kwenye makumbusho, kuanzia ile ya Gitega, Burundi, iliyoanzishwa mwaka 1955 hadi ya Huye, Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 1989, kwa kawaida vimeandikwa kabila na mahali. Aliyeshona hakuandikwa.

"Mama, hiki ngapi?" niliuliza sokoni, upande huu wa mpaka, mbele ya kikapu kisichofika hata kimo cha chupa ya bia.

"Bei itakuja, papa. Kifungue kwanza."

Nikakifungua. Akakichukua, akakifunika, kisha akakiinua kwa kushika ncha ya mfuniko peke yake. Mwili ukafuata juu, ukaning'inia kitambo, halafu ukaachia taratibu ukaanguka kwenye kiganja chake kingine. Akaniambia mfuniko ukigoma kuachia, umebana mno, utakula ukingo wake mwenyewe kabla ya mwaka kwisha. Ukiachia mara moja, umelegea, na panya hahitaji mwaliko. Kisha akauzungusha mfuniko polepole mpaka mstari mweusi wa mapindi uliokuwa tumboni ukapanda bila kukatika hadi kileleni. Kulikuwa na mahali pamoja tu pa kukutana. Sehemu nyingine zote za duara, mstari ulipishana kwa mshono mmoja au miwili.

Bado naona hiyo ndiyo namna bora ya kumfundisha mtu kuheshimu kifungashio: unalazimika kukifunga vizuri. Sanduku la wiski linakusifu ukilifungua. Kikapu hiki kinakupima ukikifunga.

Mapenzi ya mfuniko hayakuishia kwenye vikapu. Warundi na Banyamulenge, watu wa maziwa, huchonga chombo cha maziwa kwa mti na kukivika mfuniko uliosukwa, uliochongoka vilevile, unaozuia nzi na vumbi huku ukiruhusu hewa. Pwani nako kuna kawa, la ukindu uliotiwa rangi, linalofunika sinia la wageni. Ila kawa halina mdomo wa kukutana nao, linakaa popote sahani ilipo, na kwa hilo lina maisha mepesi. Na kusini mwa Uvira, kwa Babembe wa Fizi, na magharibi zaidi kwa ndugu zao Balega, kulikuwa na ustadi mwingine wa kufunga ambao haukuhitaji hata mshono mzuri. Sanamu ndogo za pembe na mifupa za chama cha Bwami hazikupangwa rafuni. Zilikaa ndani ya mifuko na vikapu, zikafunguliwa wakati wa sherehe za kupandishwa daraja, mbele ya wanaostahili, moja moja, kwa mafundisho na ngoma. Daniel Biebuyck, mtafiti Mbelgiji aliyekaa na Balega katika miaka ya 1950, aliyaeleza haya kwa urefu katika kitabu chake *Lega Culture* cha mwaka 1973. Leo sanamu za namna hiyo ziko kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, na kwingineko ndani ya vioo, zinaonekana na yeyote aliyekata tiketi. Zimehifadhiwa vizuri, bila shaka, lakini nusu ya kazi yao ilikuwa kufichwa.

Agaseke nacho kilitumika hivyo. Katika nyumba za kifalme na za machifu wakuu wa Rwanda na Burundi, wanawake wenye nafasi walishona vikapu vidogo mno, vya mishono ambayo jicho la leo huona taabu kuitenganisha, na thamani yake ilikuwa pia kwamba mgeni hajui kilichomo mpaka mwenye nyumba apende. Rwanda ilipobadili nembo ya taifa mwaka 2001 iliweka humo kikapu, pamoja na mtama, kahawa, ngao na gurudumu la meno.

Kisha soko kubwa likaja, na hapa nina neno. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, Janet Nkubana na dada yake Joy Ndungutse walianzisha kampuni ya Gahaya Links, wakawakusanya wanawake, wengi wao wajane, kutoka pande zilizokuwa zimegawanyika, wakashona pamoja. Mwaka 2005 maduka ya Macy's ya Marekani yakaanza kuviuza vikapu hivyo. Ni jambo la kusifiwa, na maelfu ya nyumba zilipata ada za shule kwa sindano. Lakini tazama kilichouzwa kwa wingi: sahani pana za kutundika ukutani na mabakuli ya matunda. Sababu zinaeleweka. Sahani kumi zinaingiana na kuchukua nafasi ya moja. Mifuniko kumi iliyochongoka inajaza katoni kwa hewa tupu, na ncha moja ikipinda njiani mteja anarudisha. Kifungashio kinachohitaji kufungashwa kina hasara ya usafiri. Mfuniko ukaanza kuonekana gharama, na mfumaji kijana anayejifunza kwa oda za nje anaweza kuwa hodari wa nakshi bila kuwahi kushusha mfuniko mmoja ukakaa.

Kwetu hata mlango huo ulikuwa wa kuchungulia tu. Sheria ya Marekani ya AGOA ya mwaka 2000, iliyoondoa ushuru kwa bidhaa nyingi za Afrika, ilifungwa kwa Kongo kuanzia mwaka 2011 na kufunguliwa tena mwaka 2021; Burundi ilitolewa mwaka 2016. Hivyo mfumaji wa Gatumba upande wa Burundi au wa Kiliba upande wetu aliendelea kuuza kwa msafiri, kwa mfanyakazi wa shirika, kwa bwana harusi. Soko dogo, bei ndogo. Ila soko hilo dogo bado linataka mfuniko, kwa sababu bado kuna wakwe wa kupelekewa kitu kilichofunikwa. Katika hili umaskini wa mauzo umelinda ufundi, ingawa sitamwomba mtu yeyote aendelee kuwa maskini kwa ajili ya ufundi.

Siku hizi utaona pia vikapu vilivyoshonwa kwa nyuzi za plastiki zilizochomolewa kwenye magunia. Wapo wanaokunja pua. Mimi sikunji. Plastiki haivimbi wala haisinyai, kwa hiyo tatizo la misimu linapungua, na rangi yake haififii haraka. Kinachopotea ni msuguano: uzi wa plastiki unateleza, mfuniko hauning'inii na kuachia, unakaa tu au unatoka. Mfumaji mwerevu huacha plastiki kwa mwili na kurudi kwenye mkonge kwa mizunguko miwili mitatu ya ukingoni. Hilo ni jibu la fundi, na lingefanyika hata bila makumbusho wala wafadhili kujua.

Kinachonishangaza ni kwamba vikapu hivi karibu vyote vinauzwa vitupu. Milima ya Kivu ina kahawa ya arabika inayofika Ulaya na kuuzwa ghali ndani ya makopo na mifuko iliyobuniwa na watu ambao hawajawahi kuuona mbuni wake. Kuna asali, kuna majani ya chai. Wenye biashara hizo, wakitaka kutoa toleo dogo la wakusanyaji, wangeweza kuagiza agaseke. Lakini wasikiagize kama pambo la kutumbukizia pakiti. Wampe mfumaji kahawa yenyewe kwanza, aushike uzito wake, aone inavyojaza, aamue tumbo liwe na upana gani na shingo ibane wapi. Na wampe muda: kikapu kidogo cha mishono ya karibukaribu kinakula wiki kadhaa za mikono miwili, katikati ya kulima na kupika. Anayetaka vikapu mia tano mwezi ujao anataka katoni, na katoni nzuri zipo.

Wewe msomaji, ukipita Uvira au ukivuka kwenda Bujumbura na kukutana na mama mwenye vikapu vya mfuniko, usianze na bei wala rangi. Fungua, funga, kiinue kwa ncha, zungusha mpaka mistari ikutane. Kama inakutana, mlipe anachotaja. Mfuniko umekula siku zilezile zilizoliwa na mwili, kwa hiyo hapo umeshonewa vikapu viwili, na bei anayotaja ni ya kimoja.